Kufundisha Kompyuta Chini ya Radi

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa kuwasha mashine. Shahada ya sayansi ya kompyuta nilikuwa nayo, nimeisotea Dar es Salaam hadi nikakonda, na shati jeupe nililovaa lilikuwa la shemeji yangu. Lakini Mkuu wa Kituo alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ameifumbata kifuani, na mbele yangu palikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la sebuleni.

"Kijana," akasema, "hiyo ikiungua, nyingine iko Tabora. Na ya Tabora ni mbovu."

Nikabonyeza. Mashine ikatoa mlio mmoja mfupi, na sisi wawili tukaruka nyuma kwa pamoja.

"Imekasirika?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Inatuambia kwamba iko salama."

Hakuniamini, na mimi mwenyewe sikujiamini sana. Nawaandikia ninyi mnaosoma sayansi ya kompyuta leo, ambao mashine mnaiweka mapajani na kuilalia kitandani. Niseme mapema msije mkanidhania shujaa: mimi ni mwoga. Nimeogopa wakubwa, nimeogopa mashine, nimeogopa wanafunzi walionizidi akili, na zaidi ya vyote nimeogopa radi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kicheko changu nimekipata hadi nimestaafu nikiwa na vidole vyangu vyote.

Kituo kile cha mafunzo ya kompyuta kilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni ya reli, mjini Kigoma. Mashine zilikuwa chache, wanafunzi wengi, na umeme ulikuja kama mgeni asiyetoa taarifa. Kwa hiyo tulifundisha kompyuta kwa karatasi. Mwanafunzi aliandika programu yake kwa kalamu, kisha akachora jedwali pembeni na kuweka humo vibadilika vyake, yaani majina yanayobeba thamani ambazo mashine inazikumbuka. Halafu alipita mstari kwa mstari, akibadilisha thamani kwa mkono wake kama vile yeye ndiye mashine. Tuliita kukimbiza programu kwa mkono. Asiyeweza kuikimbiza karatasini hakuruhusiwa kugusa kibodi. Siku hizi naona mnaandika, mnabonyeza, inakataa, mnabonyeza tena, kama mtu anayejaribu funguo za jirani. Sisi tulikuwa tunaogopa kukosea, na woga ule ulitufundisha kufikiri kabla ya kubonyeza.

Baadaye nilihamishiwa Tabora, chini ya Mhasibu Mkuu wa ofisi ambayo sitaitaja. Yeye aliamini kompyuta ni karani mvivu. Kila nilichochapisha alikipitia upya kwa kikokotoo cha mfukoni, na akikuta ni sawa alinuna. "Leo imebahatisha," alikuwa akisema. Niliishi naye kwa adabu na hofu hadi niliposikia kwamba nyumbani kumefunguliwa tawi la chuo kikuu na wanatafuta mwalimu msaidizi wa kompyuta. Nikarudi Kigoma kwa treni, nikimshukuru Mungu katika kila stesheni.

Chuo kilikuwa kilimani. Ukisimama kwenye baraza la maabara unaliona ziwa lote, na siku ya anga safi unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Wageni walikuwa wakisema tuna mandhari nzuri. Mimi sikuwahi kuiona hiyo mandhari. Mimi nilikuwa natazama kama milima ipo au haipo. Ikitoweka, maana yake wingu limeivaa, na wingu likishaivaa milima ya Kongo halichukui muda kufika kwetu. Na radi ya Kigoma, wenyeji mnaijua, haina masihara.

Basi nikaweka sheria. Milima ikipotea, napaza sauti: "Chomoa!" Kila mwanafunzi anahifadhi kazi yake, anazima, anachomoa waya wa umeme na waya wa mtandao, anakaa mikono mapajani. Walinichukia kwa hilo, hasa pale wingu lilipopita kando na jua kuwaka tena. Wakanibatiza jina, Mwalimu Chomoa. Hata Mkuu wa Idara wetu, daktari wa falsafa aliyesomea ng'ambo, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, alinitania mbele za watu: "Mwalimu, siku moja utachomoa hata jua." Nilicheka naye, lakini sheria sikuiondoa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka yangu ya mwisho kazini tulikuwa na mwanafunzi mmoja, Odilia, binti wa Mwandiga. Mama yake alilima mihogo na kuuza mawese. Odilia alikuwa na kichwa cha kazi hii. Alikuwa bado anakimbiza programu kwa mkono wakati wenzake walishaacha, na algoriti, yaani ile njia ya hatua kwa hatua ya kutatua tatizo, alikuwa anaifupisha hadi unajiuliza mwenyewe ulikuwa unafundisha nini. Mradi wa mwaka wa mwisho hufanywa na wawili, na yeye alipangwa na Shabani, kijana wa Ujiji, mcheshi, hodari wa kuongea. Walikuwa wanatengeneza programu ya kusaidia mialo ya samaki, pale mitumbwi inaposhushia, kujua ni dagaa kiasi gani wametoka ziwani na wamekwenda wapi.

Siku ya kuonyesha maendeleo, Shabani alisimama mbele akaeleza kazi yote kwa sauti ya redio. Kila sehemu ngumu alisema "hapa nilifikiria," "hapa niliamua." Odilia alikuwa ameketi pembeni, kimya. Mkuu wa Idara akampongeza Shabani, akamuuliza Odilia kama na yeye alisaidia kuchapa.

Odilia akasimama. Hakumjibu Mkuu wa Idara, alimgeukia Shabani.

"Utaona wewe," akasema. "Mvua hizi haziishi hujaona."

Mtu wa mkoa mwingine angesema ni hasira za msichana, zitapoa. Lakini kwetu, mtu hamtajii mwenzake mvua. Tunaambiwa tangu tukiwa wadogo kwamba kuna radi ya Mungu na kuna radi ya kutumwa, na anayetuma hutanguliza maneno. Nilimwona Shabani akimeza mate. Nilimwona na Mkuu wa Idara, daktari wa falsafa mzima, na yeye akimeza mate.

Baadaye Odilia alinifuata barazani. "Mwalimu, ulimi hauna mfupa. Nimesema vibaya."

"Kamwombe radhi," nikamwambia.

"Yeye aniombe kwanza. Kaiba kazi yangu mchana kweupe."

Alikuwa na haki, na mimi sikumsukuma.

Mvua zikaendelea. Siku moja, baada tu ya chakula cha mchana, milima ikapotea. Nikapaza sauti, wakazima, wakachomoa, wakakaa. Kila waya nilioujua ulikuwa chini. Shabani alikuwa amesimama dirishani, ameegemea nondo, anawachekesha wenzake kuhusu mimi. Kando ya lile dirisha ulishuka waya wa mnara wa antena uliosimama kando ya maabara.

Mngurumo sikuusikia. Niliona weupe, chumba kizima cheupe, kisha nikanusa plastiki iliyoungua na nywele zilizoungua. Niliposikia tena, nilisikia wasichana wanalia, na Shabani alikuwa sakafuni, mkono wake umekakamaa kifuani. Nilidhani amekufa. Nikaenda kwake kwa kutambaa. Odilia ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa akimpiga mashavu na kumwita kwa jina, akilia kuliko wote, na wengine walikuwa wamejibana ukutani wakimtazama yeye badala ya kumtazama majeruhi.

Shabani hakufa. Mkono uliungua hadi kwenye kiwiko, na sikio moja halikusikia tena.

Mafundi wa umeme walikuja wakachimba chini ya mnara. Mnara wa antena lazima uwe na waya wa ethi, waya mnene unaotoka juu hadi ardhini ili radi ipite humo isipite kwa watu. Ethi yetu ilikuwa imeoza kwa kutu ndani ya udongo, mahali ambapo jicho halifiki. Radi ilipokosa njia ya ardhini ikafuata waya wa antena, ikarukia nondo, ikampata aliyeegemea. Mafundi walieleza, wakachora, wakaondoka. Mkuu wa Idara aliusoma mchoro, akaelewa kila mstari, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Mwalimu, sawa. Ethi imeoza," akaninong'oneza. "Lakini madirisha ni mengi na watu ni wengi. Kwa nini imchague Shabani?"

"Dokta, alikuwa ameegemea nondo."

"Na kwa nini aegemee siku ile?"

Kilichonitisha ni kwamba na mimi, mlezi wa maabara, swali lile nilikuwa nimekwishajiuliza.

Kesho yake meza zilizomzunguka Odilia zilikuwa tupu. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtukana. Walimwamkia kwa heshima isiyo ya kawaida, wakapita mbali. Mtu mmoja akakumbuka kwamba babu yake Odilia, marehemu, alikuwa mtu wa dawa. Ikatosha. Siku chache tu, naye akaacha kuja.

Nilimtembelea Shabani wodini. Alikuwa mdogo kitandani, ucheshi wote umemtoka. Akanivuta shati kwa mkono mzima. "Mwalimu, mwambie Odilia anisamehe. Mwambie nitasema kwa watu wote kwamba kazi ni yake. Asinimalizie."

Asubuhi ya pili nikaenda Mwandiga. Nilienda nikiogopa, sitaficha. Niliogopa watu wataniona nikiingia kwenye ile nyumba, na niliogopa nyumba yenyewe. Mama yake alikuwa uani anamenya mihogo. "Mwakeye, Mwalimu," akanisalimu kwa Kiha, kisha akanipa kigoda na hakusimamisha kisu.

"Nimekuja kumchukua binti arudi darasani," nikasema.

"Mwalimu, hapa tayari tunatazamwa," akasema. "Baba yangu alikuwa anatibu homa za watoto na matumbo, basi. Amekufa, watu wamemwongezea mengine asiyoyajua. Juzi mtu amepita hapo njiani akasema kwa sauti, nyumba ya inkuba hiyo. Inkuba, Mwalimu! Radi! Kesho akija mwingine na kiberiti, mimi nitakimbilia wapi?" Akatupa muhogo kwenye beseni. "Huyu akirudi akafeli, watasema Mungu, Imana mwenyewe, amemlipa. Akifaulu, watasema ni dawa za babu yake. Sasa nimtume kwenye lipi?"

Odilia alikuwa mlangoni, anasikiliza. Nikampa salamu za Shabani kama nilivyoagizwa.

"Ananiomba kwa sababu aliniibia," akauliza, "au kwa sababu ananiogopa?"

Wote watatu tulijua.

"Basi huo msamaha akae nao kwanza," akasema. Akaingia ndani. Nilidhani ndiyo kwaheri. Kumbe alikwenda kuvaa viatu. "Mama, nitafaulu," akasema alipotoka. "Hilo lingine siliwezi. Wakisema dawa, waseme."

Mama yake alifuta mikono kwenye kitenge, akamtazama hadi machozi yakamlenga, lakini hakumzuia.

Akarudi. Alikaa peke yake katikati ya meza tupu, akafanya kazi. Nami nilimwogopea kila siku. Nilikuwa nikiliona wingu dogo tu nasema moyoni, Mungu wangu, lisimpige mtu mwingine, maana likipiga hatuna tena wa kumtetea. Ethi mpya ilikuwa imewekwa, nilikuwa nimeipima mimi mwenyewe kwa kifaa, na bado nilirudi kuipima tena.

Halafu likatokea jambo ambalo mpaka leo sijui nilicheke au nililie. Milima ilipotea, nikapaza sauti, wakachomoa. Binti mmoja wa mwaka wa pili akainuka polepole, akaenda kukaa meza ya karibu na Odilia. Nikafurahi, nikasema angalau mmoja ana utu. Akaja wa pili, akaja wa tatu, hadi meza zote zilizokuwa tupu zikajaa, watu wamebanana begani kwa bega, na pembe za chumba zimebaki wazi. Kijana mmoja nikamsikia akimwambia mwenzake, "Sogea huku bwana, radi haimpigi mwenye nayo."

Odilia alisikia. Aliinamisha kichwa, akaandika kitu karatasini ambacho nina hakika hakikuwa programu.

Ikawa ndiyo desturi. Jua likiwaka, hakuna anayemkaribia. Wingu likija, wanamzunguka. Siku moja Mkuu wa Idara alikuwa maabara akikagua kazi, ngurumo ikapiga, na mbele ya macho yangu akaburuta kiti chake, kidogo kidogo, akijifanya anatafuta mwanga wa kusomea, hadi kikagusana na cha Odilia.

"Shikamoo, Dokta," Odilia akasema, kwa sauti ya chini sana. "Hata wewe?"

Mkuu wa Idara akajibu marahaba. La pili hakulijibu.

Shabani naye alirudi, mkono umefungwa bendeji, akasimama mbele ya darasa akatangaza kwamba sehemu zote ngumu za mradi ni za Odilia. Alisema akitazama dirishani. Idara ikaamua kila mmoja atetee sehemu yake peke yake.

Kutetea mradi, kwa ambao hamjafika mwaka wa mwisho, ni kusimama mbele ya jopo na kueleza ulichotengeneza huku wakikutafutia tundu. Ni siku ya jasho. Wanafunzi wangu hodari wametoka mle wakilia. Siku ile jopo, Mkuu wa Idara akiwa mwenyekiti, liliwachambua wengine kama dagaa. Kwa nini umetumia njia hii? Kanzidata yako ikijaa itakuwaje? Mtumiaji akiandika herufi mahali pa namba itakuwaje? Ikafika zamu ya Odilia. Akaeleza kazi yake vizuri sana. Alipomaliza, akasimama akisubiri.

"Tunashukuru," Mkuu wa Idara akasema. "Kazi safi."

"Hakuna maswali, Dokta?"

"Hakuna."

Jopo lote lilikuwa linatazama makaratasi yao. Matokeo yalipotoka, alama zake zilikuwa za juu kuliko za mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Alikuwa na daraja la kwanza mkononi.

Nilimtafuta nimpongeze. Nilimkuta barazani, amelipa ziwa mgongo.

"Mwalimu, hizi alama ni zangu?" akaniuliza.

"Ni zako, binti yangu. Jina lako ndilo hilo."

"Sikuulizwa swali hata moja. Mwenzangu kaulizwa hadi kasahau jina la baba yake. Mimi hakuna." Akanitazama usoni. "Ni za kazi yangu au za woga wao?"

Ningeweza kumdanganya. Kazi ilikuwa nzuri kweli, nilikuwa nimeiona. Lakini kipimo kikipimwa na mkono unaotetemeka, nani atajua uzito halisi wa mzigo? Nikamwambia sijui.

Akaenda kwa Mkuu wa Idara kukata rufaa ya alama. Nilikuwepo ofisini. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona uso wa mkubwa umechanganyikiwa kiasi kile.

"Rufaa hukatwa na aliyeonewa," akasema. "Wewe umeongoza darasa."

"Ndiyo sababu, Dokta. Naomba kazi yangu ipelekwe tawi lingine, kwa watu wasionijua. Iende na namba tu. Na waniulize maswali kwa video."

"Zikishuka hazirudi. Unalielewa hilo? Unaweza kupoteza daraja la kwanza. Unaweza hata kufeli."

"Naelewa."

"Kwa nini ujitafutie balaa, mwanangu?"

"Kwa sababu nikienda nazo hizi kazini," Odilia akasema, "kila nitakapokwama nitajiuliza kama najua kitu au nilikuwa natisha watu."

Mkuu wa Idara alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasaini. Tulipotoka nje nilimsihi. Nilimwambia afikirie mama yake, afikirie wale wapita njia wa Mwandiga, kwamba akifeli watasherehekea. Akasema anaogopa kuliko mimi. Nilimwamini.

Mambo ya chuo huenda kwa mwendo wa kinyonga. Kabla majibu hayajarudi, muda wangu wa kustaafu ukafika. Walinifanyia sherehe, wakanipa saa ya ukutani na mashuka, Mkuu wa Idara akasema nimekuwa nguzo. Nikarudi nyumbani Katubuka kwa Mama Neema, mke wangu, na jogoo wasiojali anga. Nilidhani nikiacha kazi woga nao utaacha. Haukuacha, ulibadilisha tu mahali pa kukaa. Nilikuwa nikiamka asubuhi namfikiria Odilia, nashindwa hata kupiga simu kwa kuogopa atakachosema.

Katika ukaaji ule nimewaza mengi kuhusu kazi yetu. Tuliwafundisha vijana kwamba kompyuta haina chuki, haina upendo, inafuata ulichoiandikia. Tukawafundisha mkondo wa umeme unavyokwenda. Na siku radi ilipopiga, wote tuliojua mkondo wa umeme tulimgeukia msichana. Elimu yetu ilikuwepo kichwani, lakini miguu haikuwa na habari nayo. Silaumu mtu, maana hofu ni mwalimu wa zamani kuliko chuo chochote. Nasema tu kwamba shahada haituondolei hofu hiyo. Kila mmoja ana kazi ya kujiondolea mwenyewe, na mimi sijamaliza.

Odilia alikuja Katubuka siku moja alasiri, bila taarifa. Mama Neema alimkaribisha, akampitisha ndani, kisha akanivuta jikoni. "Huyu ndiye yule?" akanong'ona. Nikasema ndiye. Akavuta pumzi, akachukua samaki, migebuka aliyokuwa amenihifadhia ya chakula cha jioni, akaanza kuipasha.

"Sema," nikamwambia Odilia. "Moyo wangu hauwezi kungoja chakula."

"Wameniuliza maswali hadi jasho likanitoka kwenye vidole, Mwalimu. Mawili sikuyaweza. Wamekuta mahali ambapo programu inakosea, mizani ya dagaa ikisoma sifuri." Alikuwa anatabasamu. "Zimeshuka. Daraja la kwanza limekwenda. Nimepata la pili la juu."

Iliniuma kama ni mwanangu. Nikaanza kumpa pole. Akainua mkono kunizuia.

"Usinipe pole. Hizi ni zangu."

Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mvua zile. Wanafunzi waliokuja kwangu kulilia waongezewe alama siwezi kuwahesabu. Huyu alikuwa wa kwanza kuja amepunguziwa na uso unang'aa. Mama Neema alisikia kutoka jikoni, akaja mlangoni na bakuli la mchuzi mkononi, akamtazama kwa namna nyingine.

Ndipo ikanguruma. Hatukuwa tumeona wingu, tulikuwa tumezama kwenye maongezi. Ngurumo ya pili ilikuwa karibu zaidi, vikombe vikagongana kabatini. Odilia akaacha kucheka. Alimtazama Mama Neema, kisha mimi, na nilijua anachongoja kuona: kama tutasogea mbali naye au tutamsogelea.

Nilikikamata kiti changu kwa mikono miwili. Mama Neema aliweka bakuli mezani, akaketi kwenye kiti chake anachoketi siku zote, akamkatia ugali.

"Kula, mwanangu," akasema. "Samaki atapoa."

Radi ikapiga mahali fulani upande wa ziwani, mvua ikamwagika juu ya bati hata hatukusikiana tena. Niliogopa tangu mwanzo hadi mwisho. Tukala, na hakuna aliyehama.